Nipe shujaa mwenye kasoro

Jamani, kabla sijafika ninapokwenda, niwaeleze kwanza wasioujua mchezo wenyewe. Watu wanne au watano mnakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, waliobaki kila mmoja ana mhusika wake: mpiga upanga, mganga, mwizi, tapeli, utakavyo. Msimulizi anasema, "Mmefika mlangoni, ndani kuna sauti, mnafanya nini?" Unajibu, unarusha dadu, hadithi inasonga. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunaucheza, pamoja na wadogo zake, kwa vitabu vya kuazimana na dadu alizotuletea binamu ya mtu.

Sasa ugomvi wangu. Watu hawataki kuwa na kasoro.

Mwaka 1981 mchezo wa Champions ulileta mbinu ambayo ilionekana dawa: mpe mhusika wako udhaifu, nawe utalipwa pointi za kumnunulia uwezo. GURPS ya mwaka 1986 ikaichukua mbinu hiyo na kuifanya duka kubwa. Humo kukosa jicho moja kunakulipa pointi 15. Woga una bei, uchoyo una bei, hasira zina bei. Na penye bei, Mbongo atapunguziwa tu! Rafiki yangu mmoja, mtu wa benki, alichukua hofu ya bahari katika mchezo ambao sote tulishaambiwa utafanyika jangwani mwanzo hadi mwisho. Pointi zake akazitia kwenye upanga. Nilipomuuliza akanijibu bila hata kupepesa macho, "Mwandishi, hiyo ni biashara tu." Tulicheza miezi mitatu, hatukuona hata dimbwi.

Simlaumu sana. Kosa ni la utaratibu unaomlipa mtu mapema kwa tatizo ambalo halijamuuma. Ni sawa na kumlipa fundi pesa yote kabla hajashika nyundo. Utamtafuta.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Tunachanganya udhaifu na kasoro. Mchukulie Fumo Liyongo, ambaye sote tulimsoma au tulisimuliwa. Hakuna silaha iliyoweza kumwua isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kitovu ni udhaifu. Ungekiandika kwenye karatasi ya mhusika, ukalipwa pointi zako, ukavaa mkanda mpana, kwisha habari. Kilichomwua ni kwamba mwanawe alimwuliza siri hiyo, naye, huku akihisi kabisa kwamba mtoto ametumwa, akamwambia. Hiyo ndiyo kasoro, kama ni halali kuiita kasoro. Huwezi kuivalia mkanda. Na ukiiondoa, hadithi nzima inabaki habari ya jitu lenye nguvu, ambayo ingetuchosha karne nyingi zilizopita.

Ndiyo maana mwaka jana nilipiga kampeni tuhamie Fate. Toleo lake la Fate Core, la mwaka 2013, limegeuza malipo. Unaandika tatizo la mhusika wako kwa maneno yako mwenyewe, na hulipwi kitu kwa kuliandika tu. Unalipwa pale linapokuuma. Msimulizi anakusogezea pointi moja mezani: chukua, lakini mambo yaharibike sasa hivi. Ukikataa, unatoa pointi yako. Yule yule mtu wa benki safari hii akaandika, "Siwezi kumkatalia aliyewahi kunilisha." Usiku wa tatu mama ntilie mmoja wa kwenye hadithi akamwomba amfiche mwanawe, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimsaka. Jamaa aliitazama ile pointi muda mrefu, hata soda yake akaisahau. Akaichukua. Hatujawahi kucheza usiku mzuri kama ule.

(Wale wanaosema "mhusika wangu ni mwizi, kwa hiyo nimewaibia ninyi wenzangu", siwazungumzii. Hao wana kasoro zao binafsi.)

Sasa na mimi nijiseme. Wahusika wangu wote walikuwa watu safi: wakweli, jasiri, wapole kwa wanyama. Mwenzetu mmoja akaniuliza kama naogopa kuonekana mjinga. Nikacheka, ila swali likaenda nami hadi kazini. Miaka miwili nyuma niliandika makala ya mzee mmoja aliyefariki, mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi, mnayajua maneno yetu. Binti yake akanipigia simu. Nilidhani ananishukuru. Akasema kwa upole, "Kaka, umeandika vizuri, ila huyo si baba." Baba yake, akaniambia, alikuwa mbishi kiasi cha kutosemeana na mdogo wake miaka mingi kwa ajili ya baiskeli, na siku mdogo huyo alipolazwa, alimpelekea uji kila asubuhi bila kumsemesha. Hayo hayakuwemo. Sikuuliza, kwa sababu sikutaka kuharibu.

Dungeons & Dragons yenyewe ilikuwa imeanza kulielewa hili. Kitabu cha mchezaji cha mwaka 2014 kilimtaka kila mhusika awe na kasoro, na kikatoa orodha za kuchagulia. Kile cha mwaka 2024 kimeziondoa orodha hizo kwenye asili za wahusika. Wapo wanaofurahia kwamba karatasi imepungua. Mimi naona wamefukuza mgeni pekee aliyekuwa na maneno.

Kwa Jumamosi nimetengeneza mhusika mpya, mjumbe wa mfalme. Kwenye sehemu ya tatizo nimeandika, "Hawezi kusema sijui." Msimulizi ameshaisoma, na tangu jana ananitumia ujumbe wa kicheko tu.