Wino au Rojo? Istilahi za Uchapaji wa Tishu Hai na Mgonjwa wa Kawangware

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Katika baraza la washairi methali hiyo ina nafasi yake. Katika wodi ya hospitali haifai, kwani huko asiyejua maana ndiye hasa anayestahili kuambiwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana. Kwa wakazi wengi wa Kawangware, mtaa uliokusanya watu wa makabila mengi, lugha hiyo ni Kiswahili. Swali ni kama Kiswahili kimeandaliwa kwa kazi hiyo.

Mfano mzuri ni teknolojia ya kuchapa tishu hai, ambayo watafiti wanatumaini kuwa siku moja itawafaa, miongoni mwa wengine, watu walioungua moto na kupoteza ngozi. Haijawa tiba ya kawaida hospitalini, na ndiyo maana wakati wa kuandaa maneno yake ni sasa. Mashine inayoongozwa na kompyuta hutandaza, tabaka juu ya tabaka, mchanganyiko wenye seli hai ambao watafiti huuita wino. Mara nyingi mchanganyiko huo hutengenezwa kwa gelatini, yaani protini ipatikanayo kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Seli hushikamana nayo na kustawi. Hata hivyo, gelatini huganda ikipoa, na katika joto la mwili, nyuzi 37, huyeyuka. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walieleza namna ya kuibadilisha kikemikali ili ikimulikwa kwa mwanga ishikane, isiyeyuke tena.

Je, lipi hapa lililo geni kabisa kwa mkazi wa Kawangware? Muuza supu ya vichwa na miguu ya ng'ombe anajua fika kuwa supu iliyolala huganda, na ikipashwa moto huyeyuka. Gelatini ameiona maisha yake yote. Asicho nacho ni jina lake tu.

Yamkini mwanaistilahi mwenye haraka ataandika "bayoinki". Neno hilo halimwelezi mgonjwa lolote, na hata tahajia yake itazua ubishi, maana wengine husema bayolojia ilhali wengine husema biolojia. "Wino hai" ni afadhali, lakini kwa Mkenya wino ni wa kalamu, au ule anaopakwa kidoleni siku ya kupiga kura. "Rojo ya seli" ingefaa zaidi, kwa kuwa kila mpishi anajua rojo ni kitu kizito, kisichotiririka kama maji wala kisicho kigumu kama mfupa. Hii si kusema kuwa mikopo yote itupwe. Gelatini, seli na protini zibaki, mradi zizungukwe na vitenzi vya watu: kuganda, kuyeyuka, kushikamana, kuota.

Uangavu huu wa istilahi si pambo. Sehemu kubwa ya gelatini inayouzwa duniani hutokana na nguruwe. Mwislamu wa Kawangware, sawa na Mnubi wa Kibera, ana haki ya kujua asili ya kitu hicho kabla ya kutia sahihi ya ridhaa. Akiambiwa "bayoinki" hatajua hata kwamba kuna la kuuliza. Akiambiwa ni rojo iliyotokana na ngozi na mifupa, atauliza papo hapo: ya mnyama gani? Huenda jibu likatoka karibu. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha utafiti kuhusu gelatini ya ngozi na mifupa ya mbuta, samaki yule yule ambaye mgongo wazi wake ni kitoweo mitaani Nairobi. Utafiti huo haukuhusu uchapaji wa tishu, ila unaonyesha kuwa nguruwe si chimbuko la pekee.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wanasayansi peke yao, wala haiwezi kungoja maabara zijengwe kwanza. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuketi na wenzao wa tiba na uhandisi, waunde rasimu za istilahi, kisha wazipeleke Kawangware zikajaribiwe. Istilahi isihesabiwe kuwa imefaulu kwa kupitishwa kikaoni tu. Ihesabiwe hivyo pale muuza supu atakapoisikia, akaielewa, akaweza kuuliza swali la pili.