Vuli ya kwenye karatasi

Leo tuwaache kwanza wanaogombania meseji za simu, tuongee kuhusu chekechea. Najua wengi wenu mna watoto wa miaka mitatu, minne, na ada mnazolipa si mchezo.

Binti yangu wa miaka minne karudi juzi na karatasi ya kupaka rangi. Jani kubwa lenye ncha, lile la kwenye bendera ya Kanada, na juu yake limeandikwa kwa Kiingereza jina la msimu wa majani kupukutika. Yeye kalipaka kijani. Mwalimu kapiga mkasi mwekundu, kwa sababu kitabu kinataka rangi ya chungwa. Nilipomuuliza mtoto akanijibu, "Mama, majani si ya kijani?" Hebu niambieni, hapo aliyekosea ni nani?

Sisemi mtoto asifundishwe mambo ya Ulaya. Afundishwe, ila aambiwe na sababu. Siku ndefu ya Juni pale London ina zaidi ya saa 16 za mwanga, na ile fupi ya Desemba haifiki saa 8. Mwanga ukipungua na baridi ikianza, miti mingi ya huko inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayotumika kutengenezea chakula chake, na njano iliyokuwa imejificha ndani ya jani inaonekana. Hapa Dar tofauti kati ya siku ndefu na fupi haifiki hata saa moja, kwa hiyo mwembe wetu hauna haja ya kuvua majani yote Oktoba. Mtoto wa miaka minne anaelewa ukimwambia "kule jua linawahi kulala". Lakini akiambiwa tu paka chungwa, anachojifunza ni kutoamini macho yake. Hilo ndilo linaloniuma, wala si maksi.

Cha kuchekesha, watafsiri wengi huuita msimu huo vuli. Sasa vuli si tunayo! Oktoba mpaka Desemba, mvua fupi za Pwani na za mikoa ya kaskazini. Yao ni ya majani kuanguka, yetu ni ya kuchipua, na kwa darasa la watoto wadogo yetu ina mambo kibao.

Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, liweke uwanjani. Mvua ikikatika mtoto atumbukize rula, achore mstari kwenye karatasi ya ukutani. Baada ya wiki mbili anajua kubwa, ndogo, zaidi na sifuri, bila kukaririshwa. Usiku wa mvua za kwanza kumbikumbi wanajaa kwenye taa. Asubuhi mbawa zimetapakaa sakafuni. Kila mmoja alikuwa na nne, basi hapo kuna hesabu mpaka mchoke. (Kuhusu kuwakaanga, muulizeni bibi, mimi simo.) Embe zinaiva, korosho zinavunwa kule Mtwara, na ukimpa mtoto bibo lenye korosho yake, atakuuliza mwenyewe kwa nini mbegu imekaa nje ya tunda. Maharage kwenye pamba mbichi ndiyo msiyasahau, siku chache tu yanachipua.

Na kama mwalimu anataka jani jekundu kwa lazima, mkungu upo! Majani yake mapana hugeuka mekundu kabisa kabla ya kudondoka. Mtoto ayaokote, ayapange kutoka dogo hadi kubwa, aweke karatasi juu yake na kusugua kalamu ya nta mpaka mishipa yote ijitokeze. Gharama yake ni kuinama tu.

Hii kazi akina baba inawahusu pia. Ukiniambia Jumamosi ni siku ya mpira nitakujibu kwamba mechi za Uingereza kwetu zinaanza mchana, kaka yangu. Asubuhi uko huru. Mtoke mtoto na baba na mfuko mgumu, mama alale kidogo. Ndoa nyingine zinahitaji tu hizo saa mbili.

Kwa mwalimu usiende na shari. Naye kapewa kitabu na orodha ya mada, na darasa limejaa. Mimi nilipeleka boksi la majani ya mkungu, nikamuuliza kama yatamfaa. Akayapokea, akacheka, akaniambia nilete na makopo.

Wanaotafuta shule za Januari, hizi ndizo wiki za kuzunguka. Msiishie kutazama bembea na basi la njano. Ingieni darasani mwangalie ukutani kama kuna chochote kilichookotwa nje ya geti la shule.