Karanga Hazina Kesi

Vijiwe vya Jangwani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, vilishaamua kesi ya chunusi zamani: mshitakiwa ni mafuta. Binti wa kidato cha tatu akitokwa na vipele, mama anampokonya karanga, shangazi anamkataza wali wa nazi, na jirani anaongeza kwamba damu imechafuka, atafutiwe dawa ya kuisafisha. Hukumu hiyo ni ya uonevu.

Mafuta tunayokula hayapandi usoni. Yanayong'aa kwenye paji la uso hutengenezwa na tezi za ngozi yenyewe, kwa amri ya homoni zinazochachamaa mtu anapobalehe. Yakizidi na kuchanganyika na seli zilizokufa, tundu la kinyweleo huziba, bakteria wakastawi, ngozi ikavimba. Na damu? Ini na figo huisafisha usiku na mchana, bila kungoja chupa ya mitishamba.

Je, chakula hakihusiki kabisa? Kinahusika, ila tumemkamata asiye mwizi. Mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanyika kisiwani Kitava, Papua Guinea Mpya. Kati ya watu 1,200 waliokaguliwa, vijana 300 wakiwemo, hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Chakula chao kilikuwa viazi, magimbi, matunda, samaki na nazi. Naam, nazi! Bibi yeyote wa Pwani angeketi mkekani kwao akala bila kuuliza. Walichokosa ni sukari ya dukani na unga mweupe.

Mtu atasema ni damu ya ukoo wao, na huenda urithi una sehemu yake. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana wa kiume 43 kwa wiki 12. Waliokula vyakula visivyopandisha sukari mwilini kwa kasi walipungukiwa chunusi kuliko wenzao, ingawa uzito wao nao ulipungua. Sababu inaeleweka: sukari ikipanda ghafla, insulini hupanda nayo, na tezi za mafuta huchochewa.

Sasa mtazame binti yetu. Karanga kanyimwa, lakini asubuhi ana maandazi na chai ya vijiko vitatu vya sukari, mchana soda baridi, jioni mkate mweupe. Hayo hakuna anayeyakataza. Sisemi soda ndiyo mama wa kila chunusi. Wapo wanaoinywa kila siku na uso ukabaki laini. Nasema tumekataza kisicho na kosa, tukaacha chenye kushukiwa.

Ubaya zaidi ni kinachofuata. Mwiko wa karanga usipofua dafu, binti huamini kosa ni lake, kisha huishia kwenye maduka ya vipodozi kununua mkorogo. Krimu za aina hiyo zenye steroidi hutuliza vipele kwa muda mfupi, halafu zenyewe huzalisha vipya na kuichosha ngozi. Wakati huohuo famasi zina dawa ya benzoili peroksaidi, na Hospitali ya Muhimbili, jirani kabisa na Jangwani, ina madaktari wa ngozi.

Mzazi, mrudishie mtoto karanga zake. Ukitaka kupunguza kitu, anza na soda na sukari ya chai. Na ile pesa ya kusafishia damu, mpelekee daktari.