Biniam Girmay na Ngazi ya Baiskeli Afrika: Kipaji Pekee Hakitoshi

Na Mwandishi Wetu

Julai 21, 2024, mjini Nice, Ufaransa, Biniam Girmay, kijana wa miaka 24 kutoka Asmara, Eritrea, alipanda jukwaani akiwa amevaa fulana ya kijani ya mashindano ya Tour de France. Fulana hiyo hutolewa kwa mwendesha baiskeli aliyekusanya pointi nyingi zaidi katika kumaliza hatua za mashindano na katika vituo vya kati ambako waendeshaji hukimbizana kuwania pointi. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1953, hakuna mwakilishi wa nchi yoyote ya Afrika aliyekuwa amewahi kuitwaa.

Wiki tatu zilizotangulia siku hiyo zilikuwa za jasho na damu. Julai 1 Girmay alishinda hatua ya tatu iliyomalizikia Turin, Italia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 230, na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akashinda tena hatua ya nane na ya kumi na mbili. Katika hatua ya kumi na sita alianguka karibu na mstari wa kumalizia mjini Nîmes, huku mpinzani wake mkuu, Jasper Philipsen wa Ubelgiji, akishinda hatua hiyo na kupunguza tofauti ya pointi. Girmay alirejea barabarani akiwa na majeraha, akailinda nafasi yake na kumaliza na pointi 387 dhidi ya 354 za Philipsen.

Ushindi huo ulishangiliwa Asmara na kwingineko barani. Hata hivyo, baada ya shangwe linabaki swali ambalo wadau wa michezo katika ukanda wetu hawana budi kulijibu: je, Girmay ni dalili kwamba mlango umefunguka kwa vijana wa Afrika, au ni mmoja aliyepenya kwenye tundu la sindano?

Jibu linaanzia nyumbani kwake. Baiskeli iliingia Eritrea wakati wa utawala wa kikoloni wa Italia, na mashindano ya kuizunguka nchi hiyo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946. Kwa miongo mingi tangu hapo, mchezo huo umekuwa sehemu ya maisha ya wakazi wa Asmara, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtoto anayekulia huko huwaona wakubwa wakishindana mitaani, hujifunza mbinu za kukaa ndani ya kundi kabla hajafikiria kwenda Ulaya, na hupata wapinzani wa kumpima. Kabla ya Girmay walikuwapo wengine. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus walikuwa Waeritrea wa kwanza kushiriki Tour de France, na Teklehaimanot akavaa kwa siku kadhaa fulana ya madoa mekundu anayopewa kinara wa kupanda milima. Kwa hiyo Girmay hakuota jangwani kama uyoga. Alichipua kwenye shamba lililokuwa limelimwa kwa muda mrefu.

Hatua ya pili ni daraja kati ya nyumbani na ugenini. Mwaka 2018 Girmay alipelekwa katika kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) kilichopo Aigle, Uswisi. Mwaka huohuo alishinda hatua ya mashindano ya vijana nchini Ubelgiji mbele ya Remco Evenepoel, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia na wa Olimpiki. Umuhimu wa kituo kama hicho hauishii kwenye mazoezi ya mwili. Mbio za barabarani za Ulaya zina elimu yake: upepo wa pembeni unaokata kundi vipande vipande, barabara nyembamba za mawe, na kugombea nafasi katika kona huku magurudumu yakikaribia kugusana. Elimu hiyo haipatikani kwa kuendesha baiskeli peke yako katika barabara kuu, hata uwe na mapafu ya aina gani. Hupatikana kwa kushindana mara kwa mara na walio bora kuliko wewe.

Hatua ya tatu, ambayo mara nyingi husahaulika, ni kipindi cha misukosuko. Timu ya kwanza ya kulipwa ya Girmay, iliyokuwa na makao Ufaransa, ilikumbwa na matatizo ya fedha, na mwezi Agosti 2021 akahamia timu ya Ubelgiji ya Intermarché-Wanty-Gobert. Wiki chache baadaye alitwaa medali ya fedha katika mashindano ya dunia kwa vijana wa chini ya miaka 23 yaliyofanyika Ubelgiji. Machi 2022 alishinda Gent-Wevelgem, moja ya mbio kongwe za siku moja, kisha akarudi Asmara kuiona familia yake kama alivyokuwa amepanga, ingawa mashabiki wengi walitamani abaki kushiriki mbio kubwa zaidi ya wiki iliyofuata. Mwezi Mei mwaka huo alishinda hatua ya Giro d'Italia mjini Jesi, lakini kizibo cha chupa ya mvinyo aliyokuwa akiifungua jukwaani kikampiga jichoni na kumlazimu kujiondoa katika mashindano.

Mtiririko huo unaonesha kwamba kijana anayeshindana ng'ambo habebi uzito wa mashindano peke yake. Anabeba pia umbali na familia, lugha ngeni, baridi, na mkataba ambao uhai wake hutegemea wadhamini. Kwa mwenye hati ya kusafiria ya nchi nyingi za Afrika, kuna pia suala la viza: ikichelewa kwa wiki moja, mbio zimepita, na pointi ambazo zingemfungulia mlango wa mbio nyingine zimekwenda kwa mwenzake.

Ukanda wetu una ushahidi wake. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa katika mchezo huu na David Kinjah, mwendesha baiskeli mashuhuri wa Kenya. Hata hivyo, mara zote nne aliposhinda Tour de France, kati ya 2013 na 2017, alikuwa akiiwakilisha Uingereza. Kipaji kilianza kunolewa Afrika Mashariki, lakini mfumo wa kukifikisha kileleni ulikuwa kwingine.

Rwanda imechagua njia ya kuleta ngazi nyumbani. Mashindano ya Tour du Rwanda yaliingia katika kalenda ya UCI mwaka 2009 na kupandishwa daraja mwaka 2019, hivyo vijana wa ukanda huu wakapata fursa ya kukutana na timu za Ulaya bila kuvuka bahari. Juhudi hizo zilizaa matunda Septemba 2025, Kigali ilipokuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani. Pamoja na hayo, bingwa wa wanaume alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia na wa wanawake Magdeleine Vallieres wa Kanada. Uenyeji hujenga barabara, hamasa na ujuzi wa kuandaa; bingwa hujengwa kwa miaka.

Kwa Tanzania, somo liko wazi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa baiskeli ni chombo cha kazi cha kila siku, na mbio za baiskeli huvuta umati mkubwa. Shamba, kwa maana hiyo, lipo. Kinachohitajika ni ngazi yenye vipandio vinavyofuatana: mashindano ya vijana yenye ratiba inayoaminika, makocha waliopata mafunzo, vifaa, usalama wa wanamichezo barabarani, ushiriki wa uhakika katika mashindano ya jirani kama ya Rwanda, na usimamizi wa safari na mikataba kwa wale watakaofika mbali. Jukumu hilo ni la chama cha mchezo, halmashauri, wadhamini na wazazi kwa pamoja, na kila upande utapaswa kupimwa kwa sehemu yake.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Eritrea ilisubiri takriban miaka 80 tangu mbio zake za kwanza hadi fulana ya kijani. Wanaotaka kuvuna wakati wajukuu wao wakiwa vijana, msimu wa kupanda ni sasa.