MICHEMBE SI AIBU

Kila Alhamisi ya nne ya Novemba, Wamarekani huadhimisha Siku ya Shukrani. Pamoja na nyama ya bata mzinga, wengi wao hula viazi vitamu, maboga na mkate wa mahindi. Mazao hayo yalilimwa na wenyeji wa Amerika kabla ya Wazungu kufika huko. Na taifa hilo, pamoja na utajiri wake wote, halivionei haya vyakula hivyo.

Viazi hivyo hivyo, vilivyotufikia kwa kuvuka bahari, ndivyo Wasukuma huvikata na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza vikawa matobolwa, akiba ya miezi ya shida. Inasikitisha basi kuona kwamba hapa Mwanza, kando ya ziwa lenye sato na dagaa, wajumbe wa semina huandaliwa chipsi na soda, kana kwamba huko ndiko kuendelea. Hiyo ni kasumba.

Mwanafunzi humwiga mwalimu wake, na mwananchi humtazama mtumishi wa serikali. Hapana budi wao ndio watangulie kuviweka vyakula vyetu mbele ya wageni. Mwacha mila ni mtumwa.