Jeshi la Mjerumani Lilitembea kwa Miguu ya Nani?

Kila zinapotajwa habari za Vita Vikuu vya Kwanza katika nchi zetu hizi, vita vya 1914 hadi 1918, huwa zinatolewa sifa zile zile kwa mtu yule yule. Husemwa kwamba Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa bingwa wa kupanga majeshi, kwamba kwa askari wachache aliwachosha Waingereza, Makaburu, Wahindi, Wabelgiji na Wareno kwa zaidi ya miaka minne, na kwamba akili ya Kijerumani ndiyo iliyofanya hayo. Mimi ni mtu wa Pwani niliyelowea Nairobi siku nyingi, na sifa hizo nimezisoma na kuzisikia hata zimenichosha. Sisemi kwamba bwana huyo hakuwa hodari. Nasema kwamba mpango wa jeshi lake haukutoka Berlin. Ulitoka katika njia za misafara za babu zetu, na walioubeba vichwani mpaka leo hawana majina.

Kwanza tulitazame jeshi la Mjerumani lilivyokuwa kwao Ulaya. Mwaka 1914 lilikuwa na vikosi vikuu 25 vya kudumu, na kila kimoja kiliitwa "kor". Kor moja ilikuwa na divisheni mbili. Divisheni ilikuwa na brigedi mbili za askari wa miguu, brigedi ilikuwa na rejimenti mbili, rejimenti batalioni tatu, na batalioni kombania nne. Kor nzima ilikuwa watu zaidi ya 40,000, pamoja na mizinga yao, farasi wao, na magari ya kuwaletea mkate na risasi. Jeshi la namna hiyo huishi kwa reli na barabara. Ukiliondolea reli, siku chache tu linalala na njaa.

Sasa njoo kwetu. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi, hapakuwa na kor wala divisheni. Vita vilipoanza Agosti 1914 palikuwa na kombania 14 tu, zenye askari Waafrika kama 2,500 na Wajerumani kama 260. Hata lilipofikia kilele chake mwaka 1916, jeshi hilo lilikuwa na Wajerumani kama 3,000 na askari kama 11,000. Wote hao ukiwakusanya mahali pamoja hawajazi hata divisheni moja ya Ulaya.

KOMBANIA AU MSAFARA?

Siri ya mambo ilikuwa katika kombania yenyewe. Kila moja ilikuwa na askari kama 160 hadi 200, Wajerumani kiasi cha 16 hadi 20, bombomu mbili au zaidi, yaani zile bunduki za rashasha, na wapagazi wasiopungua 250. Pembeni walikuwapo rugaruga, na nyuma walifuata wake wa askari, watoto wao na maboi. Kombania ilijitosheleza. Ilikuwa na mganga wake, wapishi wake na chakula chake, na iliweza kwenda peke yake majuma mengi pasipo kuungojea mkate kutoka makao makuu.

Msomaji wa Pwani, jambo hili hulitambui? Watu wenye bunduki, wapagazi wenye mizigo, wanawake wenye vyungu, na mkubwa mmoja wa kuamua wapi palalwe na lini pavunjwe kambi! Huu ndio msafara wa Bagamoyo na Tabora, wa Pangani na Mombasa, uliokuwako tangu kabla Mjerumani hajaijua njia ya kwenda Unyanyembe. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mabingwa kabla ya kuwa askari. Mjerumani aliukuta msafara, akautia bombomu na bendera, akauita kombania.

Hata vyeo havikuwa vya Kijerumani. Mwafrika aliyepanda daraja aliitwa ombasha, kisha shaushi, kisha sol, na wachache walifika kuwa efendi. Maneno hayo ni ya Kituruki na ya Misri. Yaliletwa mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipokwenda Kairo kuandika Wasudani kama 600, akawaongezea watu kutoka upande wa Msumbiji, ili aje kuwapiga watu wa Mrima waliokuwa wamesimama na Abushiri bin Salim el-Harthi wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyatunga hayo katika utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na wenye utenzi huo hawahitaji kuelezwa zaidi na mimi.

Basi jeshi hilo lilizaliwa kwa kuivunja Pwani. Lakini halikuweza kuishi pasipo lugha ya Pwani. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani, ila habari, mafunzo, ugomvi na masikilizano ya kila siku yalikuwa kwa Kiswahili, na ofisa asiyekijua Kiswahili hakuwa na maana kwa watu wake. Askari wengi walikuwa Waislamu. Kwa hiyo dola ya Uthmaniya ilipoingia vitani upande wa Wajerumani na kutangaza jihadi Novemba 1914, Wajerumani walijaribu kuwatumia Waislamu wa huku tangazo hilo. Walisahau kwamba miaka 25 tu ilikuwa imepita tangu walipomnyonga Abushiri.

UNGA UNAVYOUMALIZA MZIGO

Mpango wa kombania ulionyesha faida yake Tanga, tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914. Waingereza walileta watu kama 8,000 kwa meli kutoka Bara Hindi. Von Lettow alizipakia kombania zake katika reli ya Moshi, zikashuka Tanga moja baada ya nyingine. Kwa kuwa kila kombania ilikuwa kamili, kila iliyofika iliweza kuingia vitani saa ile ile. Watu kama 1,000 wakawarudisha 8,000 baharini, wakaokota bunduki mpya na risasi zipatazo 600,000. Ngawira hiyo waliihitaji sana, kwani kombania nyingi zilikuwa bado zinatumia bunduki za namna ya mwaka 1871, zitoazo moshi mwingi hata adui akajua ulipojificha.

Lakini mwaka 1916 Jenerali Smuts alipoingia na jeshi kubwa, reli zikapotea. Hapo kombania ziliunganishwa mbili, tatu au nne chini ya mkubwa mmoja, na kikosi hicho kikaitwa kwa jina la huyo mkubwa. Kazi ikiisha, kilivunjwa, kikaundwa kingine. Hata mizinga ya manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ilitolewa majini, ikatiwa magurudumu na kukokotwa porini na mamia ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo upo Mombasa, penye Ngome ya Yesu, na watoto huupanda kupigwa picha.

Nani aliyekokota? Nani aliyebeba? Fanya hesabu ndogo. Mpagazi mmoja hubeba ratili 50 za unga. Yeye mwenyewe ni binadamu, hula ratili mbili kwa siku. Akienda siku 25, mzigo wote ameumaliza yeye, na askari hajapata hata konzi. Ndiyo maana kila jeshi lililozama ndani ya nchi lilihitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Pale watu walipokwisha, chakula kilinyang'anywa katika maghala ya wanavijiji. Ugogo ilipitiwa na Wajerumani kisha na Waingereza, wote wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana, na njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na nyasi hizo hazikuwamo katika hesabu ya jenerali yeyote.

Tarehe 25 Novemba 1917 von Lettow alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na askari kama 1,700, akiwaacha nyuma wagonjwa na wote wasioweza kutembea. Mwaka mmoja barabara baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168. Kwao akapokewa kama shujaa. Mwaka 1964, alipofariki, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai, nao walikuwa mamia machache tu. Na wapagazi je?

KOR YA NAIROBI

Hapa ndipo nitakapo kumleta msomaji Nairobi. Neno lile la Ulaya, kor, limo katika mji huu. Waingereza nao walipanga kor yao Agosti 1914, wakamweka Oscar Watkins aiongoze, wakaiita Carrier Corps. Wananchi wakaitamka Kariokor. Ulaya kor ni bunduki 40,000. Kwetu kor ni soko la viondo na viatu vya akala, ng'ambo ya Mto Nairobi. Dar es Salaam wakaitamka Kariakoo, nalo likawa soko vile vile. Maelfu ya watu wanauza na kununua humo kila siku, na ukiuliza maana ya jina, wengi watakuambia ni jina tu.

Kutoka katikati ya mji ukielekea magharibi, alama zinakufuata. Pita Westlands na Kangemi, uende mpaka Kikuyu. Huko, mwaka 1917, serikali ilipowasaka vijana kwa nguvu kila kijiji, Daktari John Arthur wa misheni ya Kiskochi aliwaongoza vijana wa misheni kwenda vitani kama wapagazi wa kujitolea, kwa kuwa hiari ilikuwa afadhali ya kukamatwa. Geuka Kibera, utawakuta Wanubi, jamaa za Wasudani waliotumikia jeshi la Mwingereza. Wasudani wa Wissmann na hawa wa Kibera ni maji ya mto mmoja, yaliyochotwa na mabwana wawili. Wanubi walipewa pori lile wakae baada ya utumishi, kisha ikawachukua zaidi ya miaka mia kupata hati ya ardhi, eka 288, mwaka 2017.

Kisha rudi mjini, Kenyatta Avenue. Hapo ipo sanamu ya shaba ya watu watatu, iliyosimamishwa mwaka 1928. Chini yake pana maneno ya Rudyard Kipling, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu, yakisema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Mimi hupita hapo nitokapo sala ya Ijumaa Msikiti wa Jamia. Nimeisoma sanamu ile pande zote. Jina hata moja halimo.

Tutayakumbukaje majina ambayo hatukuandikiwa? Hesabu za serikali ya Mwingereza zenyewe zilikubali kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa upande wake, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wachunguzi wa baadaye wanaona idadi ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo. Upande wa Mjerumani wengi hawakuingia hata katika daftari. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikufika kwa jamaa zao. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa ukumbusho wa majina au hawakuwekewa ukumbusho wowote. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Kwa Mwislamu jambo hili ni zito zaidi ya jiwe na shaba. Maiti ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Hao waliachwa kando ya njia, na msafara ukaendelea.

TUFANYE NINI?

Watasema wengine: hayo ni ya wakoloni, sisi yatuhusu nini? Jibu langu ni kwamba waliokufa hawakuwa wakoloni. Na kuwaachia wageni hadithi hii ni kuwaachia waandike kwamba askari alikuwa "mtiifu" na mpagazi "mvumilivu", kana kwamba walipenda. Wengi walitoroka kila walipopata mwanya. Wengine walipigana kwa sababu ya mshahara, wengine kwa kuwa hawakuwa na pa kurudi.

Nina matatu ya kusema. La kwanza, shule zetu zifundishe vita hivi kuanzia kwa mpagazi na kombania, si kuanzia kwa majenerali. La pili, wenye mamlaka ya Nairobi waweke ubao pale Kariokor, kwa Kiswahili kizuri, ueleze jina hilo limetoka wapi. Gharama yake haizidi ya bango la soda. La tatu ni letu watu wa Pwani. Mombasa ilitoa watu wake: ile Arab Rifles ya Meja Wavell, Mwingereza aliyewahi kwenda Makka mwaka 1908 kwa sura ya Mzanzibari, ilikuwa miongoni mwa waliowazuia Wajerumani wasiteremke Mombasa mwaka 1914. Wavell aliuawa Mwele Januari 1916, na ukumbusho wake upo. Watu wake, mabaharia na makuli wa Mji wa Kale, nani anayewajua? Katika masanduku ya nyumba zetu zimo barua na tenzi za khati ya Kiarabu zinazoliwa na mchwa. Zitolewe, zisomwe, majina yaandikwe kabla hawajaisha wazee waliosimuliwa na baba zao.

Mjerumani alijua kupanga watu. Alijua askari wangapi, bombomu ngapi, ratili ngapi za unga. Jambo moja hakulipanga, na Mwingereza vile vile: daftari la majina ya waliowabeba. Daftari hilo limebaki tupu, na kalamu sasa iko mikononi mwetu.