Kiongozi wa wasanii ni masikio kwanza

Leo naziweka kando habari za wodini, maana mdogo wangu kanitumia swali ambalo nimeona nilijibu hapahapa ili na wengine mchangie. Amechaguliwa kuongoza kikundi cha maigizo cha vijana wa mtaani, na wamepata kazi ya kuelimisha watu kuhusu kifua kikuu. Anauliza: kiongozi wa watu wabunifu anatakiwa aweje? Kila anayemwomba ushauri anamwambia awe mkali, la sivyo watampanda kichwani.

Mimi si msanii, lakini jiji hili lina mfano mzuri. Pale Newtown, katikati ya Johannesburg, kuna jengo lililokuwa soko la matunda la Wahindi. Mwaka 1976 Barney Simon na Mannie Manim waliligeuza kuwa ukumbi wa Market Theatre. Mchezo wa kwanza ulioneshwa Juni 21, siku tano tu baada ya wanafunzi wa Soweto kuanza kupigwa risasi. Sheria za makaburu zilitaka weupe na weusi watengane, lakini pale walikutana, jukwaani na kwenye viti. Na wale wawili waligawana kazi: Simon alikaa na waigizaji mazoezini, Manim akashika uendeshaji na taa. Hakuna aliyejifanya anaweza yote.

Sasa sikilizeni habari ya mchezo wa Woza Albert!. Percy Mtwa na Mbongeni Ngema walikuwa waigizaji wa Gibson Kente, mzee aliyetunga michezo yake mwenyewe, akaitia muziki na kuiongoza, ikazunguka vitongoji vya weusi. Simlaumu Kente, amelea wasanii wengi sana. Ila vijana hawa walikuwa na wazo lao: ingekuwaje Yesu angerudi duniani na kushukia Afrika Kusini ya ubaguzi? Walimpelekea Simon. Hakuwanyang'anya, wala hakuwaambia subirini mkue. Walikaa watatu wakaujenga, na mwaka 1981 ukaoneshwa pale Market. Waigizaji walikuwa wawili tu, jukwaa karibu tupu, lakini walikuwa askari, kinyozi, wafanyakazi wa kiwanda cha matofali na wengine wengi. Mchezo ulifika Uingereza na Marekani, na majina ya watunzi ni yote matatu.

Simon alikuwa na mtindo wa kuwatuma waigizaji mitaani wakaangalie watu na kuwasikiliza, kisha warudi na walichokiona. Baada ya hapo yeye alichagua, akakata, akapanga. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kusikiliza si kukubali kila kitu. Mpishi anayetia kila kiungo kwenye sufuria moja hakuna atakayekula chakula chake. Lakini mtu aliyesikilizwa kwanza huvumilia wazo lake kukatwa. Asiyesikilizwa hununa, na siku ya onesho utaliona lile nuno jukwaani.

Kinachonigusa zaidi kama nesi ni kwamba kabla ya Market, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Simon alifanya kazi vijijini Zululand na Transkei pamoja na wauguzi, wakitengeneza mafunzo ya afya kwa nyimbo na maigizo. Wauguzi waliwajua wagonjwa, yeye aliijua sanaa.

Upande wa pili upo pia. Ngema alipata sifa kubwa kwa Sarafina!, iliyoanzia Market mwaka 1987 na kufika Broadway mwaka 1988. Mwaka 1995 Wizara ya Afya ya huku ilimpa zaidi ya randi milioni 14 atengeneze Sarafina 2, mchezo wa kuelimisha kuhusu ukimwi. Mashirika ya ukimwi yalilalamikia gharama na ujumbe wenyewe. Mwaka 1996 uchunguzi wa Mlinzi wa Umma ulikuta taratibu za zabuni hazikufuatwa, na mchezo ukasimamishwa. Kipaji kilikuwa kilekile na fedha zilikuwa nyingi kuliko zamani. Kwa maoni yangu, kilichokosekana ni watu wa kuketi naye na kumwambia hapa hapaeleweki.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakufika na mchezo mkononi. Waliwauliza wanakijiji kinachowasumbua, likatoka suala la mimba za wasichana, na wenyeji wenyewe wakacheza ngoma na maigizo yao na kulijadili.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukali uwe nao, ila uuweke mahali pake. Uwe mkali kwa muda wa mazoezi, kwa hesabu za fedha na kwa ukweli wa kitabibu. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita, hata kama kikohozi kimekwisha mapema, na hapo hakuna kubuni. Kuna watu huacha dawa wakishajisikia nafuu, na ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Mwigizaji wako akikosea sentensi hiyo moja, watu watacheka, watapiga makofi, kisha watakwenda nyumbani kuacha dawa.

Mengine yote waachie nafasi. Watume kituo cha afya wakaongee na waliopona, watakaokubali kusimulia. Siku ya kwanza ya mazoezi wewe sema kidogo. Ukikata wazo la mtu, mweleze kwa nini, mbele ya wenzake. Na malipo yakija, kila mmoja ajue ni kiasi gani na yamegawanywaje, maana vikundi vingi vinafia hapo.

Haya, wenye uzoefu wa kwaya, ngoma na taarab, msinyamaze, mshaurini. Nawasilisha.